Akili za watoto wetu zinapopimwa: nani anaandika, na nani anasoma?

Kuna barua ya namna moja inayofika katika ofisi za makanisa yetu, kuanzia Oicha na Beni mpaka Butembo na Lubero. Mwenye barua anatoka chuo kikuu au shirika fulani. Anaomba ruhusa ya kukutana na watoto wa shule ya kanisa, kuwauliza maswali, kuwapa vipande vya kupanga na namba za kukumbuka, kisha kuandika matokeo. Anasema anachunguza ukuaji wa akili ya mtoto katika eneo la vita. Baraza la kanisa linatazama kama barua ina muhuri, halafu linajibu ndiyo au hapana. Mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo.

Sisi tunaona mazungumzo hayo yanapaswa kwenda mbali zaidi. Kinachoandikwa juu ya akili za watoto hawa hakibaki katika maktaba tu. Kinaingia katika ripoti za wafadhili, katika mipango ya wizara, na katika maneno ambayo wageni hutumia wakisema habari zetu. Mtoto wa Mangina au wa Kyondo anaweza kuitwa wa kizazi kilichopotea na mtu ambaye hajawahi kumwona. Anaweza pia kukosa msaada kwa sababu hakuna aliyewahi kuandika kwamba yupo na ana shida gani. Hatari ziko pande zote mbili, na ndiyo sababu tunaandika makala hii.

Kwa nini wanakuja kwetu

Wapendwa, sababu tunazijua wenyewe. Tangu Oktoba 2014 raia wa Beni na vijiji vyake wamekuwa wakiuawa usiku na mchana. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola iliyoanzia Mangina. Ugonjwa huo ulipokwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao walikuwa wamekufa. Kuanzia Mei 2021 mkoa wetu uko chini ya utawala wa kijeshi. Mwaka 2024 mapigano yalifika kusini mwa Lubero, na familia nyingi zikakimbilia Butembo. Mwisho wa Januari 2025 Goma ikatekwa na M23, na ofisi za mkoa zikahamia Beni.

Mtoto aliyezaliwa Beni mwaka 2014 amekua ndani ya hayo yote. Amebadili shule, amelala porini, amepoteza ndugu. Ni swali la haki kuuliza: mambo haya yanafanya nini katika akili yake, katika kumbukumbu yake, katika uwezo wake wa kusoma na kuhesabu? Wazazi wanauliza hivyo. Walimu wanauliza hivyo kila asubuhi wanapoona mtoto anatazama ubao bila kuuona. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba uchunguzi wa namna hii ni kazi ya wageni tu. Swali ni letu kwanza.

Kazi iliyoleta faida

Nchini Kongo kwenyewe kuna mfano mzuri. Katika eneo la Kahemba, kusini-magharibi mwa nchi, upo ugonjwa unaoitwa konzo. Jina hilo limetoka katika lugha ya Kiyaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtu anaamka asubuhi na miguu imekakamaa, na haiponi tena. Chanzo chake kinahusiana na muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha. Sumu yake inabaki katika unga, hasa wakati wa njaa au vita, watu wanapoharakisha kazi na hawana chakula kingine cha kusindikiza ugali.

Kwa muda mrefu konzo ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa miguu tu. Mwaka 2013 kundi la Wakongomani na Wamarekani lilichapisha matokeo ya kupima watoto wa Kahemba katika jarida la Pediatrics la Marekani. Ndani yake walikuwamo Daniel Okitundu, Desire Tshala-Katumbay, Michael Boivin na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa. Walikuta kwamba watoto wenye konzo walipata shida pia katika kumbukumbu na kujifunza. Jambo lililoshtua zaidi ni hili: hata watoto wa maeneo hayohayo ambao miguu yao ilikuwa mizima walikuwa nyuma ya watoto wa kijiji kisicho na konzo. Sumu iliwagusa bila kuonekana.

Hilo linatuhusu. Konzo imeandikwa pia katika Kivu ya Kusini, na sisi tunakula muhogo kila siku. Wataalamu wa lishe wa Kinshasa, pamoja na mtaalamu wa Australia Howard Bradbury, walifundisha akina mama njia rahisi: unga unaloweshwa kwa maji, unatandazwa uwe mwembamba, unaachwa juani saa mbili au kivulini saa tano, kisha unapikwa siku hiyohiyo. Hakuna mashine wala dawa ya kununua. Uchunguzi uliohesabu akili za watoto ulisaidia kuonyesha kwa nini kazi hiyo ya jikoni ina uzito mkubwa kuliko watu walivyofikiri.

Ng'ambo ya Ruwenzori, katika Kampala, watafiti walifuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo. Matokeo yao ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba baada ya miaka miwili karibu mtoto mmoja kati ya wanne alibaki na upungufu katika kumbukumbu, uangalifu au kujifunza. Mwalimu anayejua hayo hatampiga fimbo mtoto anayesahau. Atauliza kwanza kama aliwahi kuugua sana. Kwa hiyo mtu akisema kwamba makanisa yafunge mlango kwa watafiti wote, tunamjibu kwamba watoto ndio watakaolipa.

Msitu wa Ituri ulifundisha dunia

Wengi wetu hawajui kwamba sehemu zetu zimewahi kubadili elimu ya ukuaji wa mtoto duniani. Mwaka 1954 na 1955, Mary Ainsworth alitembelea nyumba za Waganda karibu na Kampala akitazama jinsi mtoto mchanga anavyoshikamana na mama yake. Kitabu alichoandika kilitoka mwaka 1967. Mengi yanayofundishwa leo katika vyuo vya Ulaya na Marekani juu ya upendo wa mama na mtoto yalianza katika vijiji hivyo.

Karibu zaidi na sisi, kaskazini mwa Beni, katika msitu wa Ituri, wanaishi Waefe. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Marekani, Edward Tronick, Gilda Morelli na Steve Winn, waliketi nao na kuhesabu nani anambeba mtoto. Walikuta kwamba mtoto wa wiki 3 alikuwa mikononi mwa watu wengine, si mama yake, kwa sehemu 39 kwa 100 ya muda. Alipofika wiki 18 ilikuwa sehemu 60 kwa 100. Shangazi, nyanya, dada na jirani walimbeba, na hata walimnyonyesha. Wakati huo wataalamu wengi walishika wazo kwamba mtoto anahitaji kwanza mtu mmoja tu wa kushikamana naye. Waefe walionyesha kwamba mtoto anaweza kukua vizuri katika mikono mingi.

Jambo ambalo kila nyanya wa Mambasa angeweza kulieleza lilihitaji kuchapishwa Marekani ndipo likaitwa elimu. Hatusemi hivyo kwa kudharau kazi ya watafiti hao. Walikaa, walihesabu, walitumia miaka. Lakini makala zao ziko katika majarida ya Kiingereza. Ni wangapi katika Mambasa au Komanda waliowahi kusikia kwamba namna yao ya kulea ilisahihisha vitabu vya wenye shule kubwa? Leo familia za msitu huo zinakimbia, na watoto wanatenganishwa na ndugu. Habari kwamba mikono mingi ni nguvu ya mtoto ingewasaidia wale wanaopanga misaada: wasimhesabie mtoto mama yake tu, wamtafutie pia nyanya, shangazi na dada waliokuwa wakimbeba.

Dunia inayopimwa ni ndogo

Mwaka 2017 Mark Nielsen na wenzake walitazama majarida matatu makubwa ya ukuaji wa mtoto, katika makala zilizotoka kati ya 2006 na 2010. Waliuliza swali moja: watoto waliochunguzwa walitoka wapi? Zaidi ya sehemu 90 kwa 100 walitoka Marekani, nchi nyingine za Kiingereza, na Ulaya. Afrika, Asia, Mashariki ya Kati, Amerika ya Kati na ya Kusini, zote kwa pamoja, hazikufika sehemu 3 kwa 100. Na huko ndiko waliko watoto wengi wa dunia.

Tuelewe maana yake. Kitabu kinaposema kwamba mtoto wa miaka minne anapaswa kuweza hili na lile, mara nyingi kinasema juu ya mtoto wa Ohio au wa London. Hicho ndicho kipimo kinacholetwa Butembo. Na mtoto wa Butembo asipolingana nacho, karatasi inaandika kwamba yuko nyuma.

Wakati huohuo, jarida la The Lancet lilitangaza mwaka 2016 kwamba watoto milioni 250 wenye umri chini ya miaka mitano, katika nchi maskini na za kipato cha kati, wako katika hatari ya kutofikia uwezo wao. Hao ni sehemu 43 kwa 100 ya watoto wa nchi hizo. Basi watoto wanaosemwa kuwa na shida nyingi zaidi ndio wanaochunguzwa kidogo zaidi. Anayetaka kusaidia anatembea gizani, na taa yake ilitengenezwa kwa nyumba nyingine.

Kipimo kinapima nini?

Mwaka 1979 Robert Serpell, mwalimu wa chuo kikuu nchini Zambia, alitoa matokeo ambayo tungependa kila mwalimu wetu ayajue. Aliwapa watoto wa Zambia na watoto wa Uingereza kazi ya kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza waliwashinda Wazambia. Kwa waya, Wazambia waliwashinda Waingereza. Kwa udongo walikuwa sawa. Sababu ni rahisi: watoto wa Zambia huchezea waya kila siku, wanatengeneza magari. Mtafiti angeleta kalamu tu, angerudi nyumbani na habari kwamba watoto wa Kiafrika hawajui kuiga maumbo.

Sisi wa Kivu tuna vijana wanaochonga chukudu kwa mbao, wanapima magurudumu kwa macho, na chombo kinabeba magunia mlimani na mtelemkoni. Tuna watoto wanaotengeneza magari ya miti na ya makopo. Ni kipimo gani kinachohesabu akili hiyo?

Mfano mwingine unatoka Usenge, karibu na Ziwa Victoria nchini Kenya. Robert Sternberg na wenzake walichapisha mwaka 2001 kwamba watoto waliojua vizuri majani ya dawa za tumbo na za homa hawakuwa ndio wanaopata alama za juu katika majaribio ya maneno ya shule. Mara nyingi ilikuwa kinyume. Familia nyingine ziliwekeza katika shule, nyingine katika elimu ya kijiji. Watoto wote walikuwa na akili. Karatasi iliona upande mmoja.

Tena kuna jambo la lugha. Mtoto wa Lubero anaota ndoto kwa Kinande, anacheza kwa Kiswahili, na ubaoni anakuta Kifaransa. Akiulizwa swali lililotoka Kiingereza, likapita Kifaransa, kisha likatafsiriwa haraka na kijana wa kazi ya siku tano, jibu lake baya linaonyesha nini? Labda linaonyesha tafsiri mbaya.

Njia bora ipo. Katika Kilifi, pwani ya Kenya, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo kwa kuanzia hukohuko, kwa vitu ambavyo watoto wanavijua na kwa lugha za nyumbani. Walikichapisha mwaka 2008, na kimetumika mahali pengi tangu hapo. Basi hakuna anayeweza kutuambia kwamba kazi hiyo haiwezekani Afrika. Inahitaji muda, na inahitaji watu wa mahali penyewe wawe waandishi, si wabeba karatasi tu.

Kuta tatu

Matokeo yakishaandikwa, yanakwenda wapi? Hapa tunakuta kuta tatu.

Ukuta wa kwanza ni pesa. Majarida makubwa ya kitaalamu ni mali ya makampuni. Zamani msomaji ndiye aliyelipa. Siku hizi, katika majarida mengi, msomaji anasoma bure lakini mwandishi analipa kabla makala haijatoka. Mwaka 2023 wahariri zaidi ya 40 wa jarida la NeuroImage, linalohusu uchunguzi wa ubongo, walijiuzulu wote kwa sababu kampuni ya Elsevier ilidai dola 3,450 kwa kila makala na ikakataa kupunguza. Wakaanzisha jarida jingine. Kama wataalamu wa nchi tajiri waliona bei hiyo ni dhuluma, tufikiri juu ya mwalimu wa chuo cha Butembo. Mwalimu wa shule ya msingi kwetu angefanya kazi zaidi ya mwaka mzima bila kula ili alipe makala moja.

Lakini tuwe wakweli: ukuta huu una mlango. Kuna mpango unaoitwa Research4Life, ulioanza mwaka 2002 kwa upande wa majarida ya afya. Kongo imo katika kundi la nchi ambazo vyuo, hospitali na taasisi zao zinaweza kujiandikisha na kusoma maelfu ya majarida bila kulipa. Makampuni mengi pia husamehe malipo ya mwandishi anayetoka katika nchi za kundi hilo. Mlango huo unahitaji taasisi iliyojiandikisha, umeme, intaneti, na mtu wa maktaba anayejua njia. Mji wa Beni una Université Chrétienne Bilingue du Congo. Butembo ina Université Catholique du Graben na vyuo vingine. Mtandao wa makanisa ya Kiprotestanti una ULPGL. Wakuu wa vyuo hivyo na wachungaji wetu wanaweza kukaa pamoja na kuuliza jinsi mwalimu wa shule ya kanisa atakavyofika kwenye maktaba hizo.

Ukuta wa pili ni lugha. Mwanachuo wetu anasoma kwa Kifaransa. Majarida haya karibu yote ni ya Kiingereza. Na mzazi aliyemtoa mtoto wake anasoma Kiswahili, au hasomi kabisa.

Ukuta wa tatu ni cheo. Katika kazi nyingi zilizofanywa Afrika, mtu wa mahali penyewe alitafuta familia, alitafsiri, alivuka vizuizi vya barabarani, kisha jina lake likawekwa chini katika shukrani. Mwandishi akawa yule aliyekuja wiki mbili. Desturi hii imelaumiwa wazi. Mwaka 2022 wataalamu waliokutana Cape Town juu ya uaminifu katika utafiti walitayarisha tamko linalotaka haki na usawa kati ya watafiti wa nchi tajiri na wa nchi maskini. Na kabla yao, mwaka 2017, Wasani wa Afrika Kusini, watu wasio na chuo kikuu chao, walitoa kanuni zao wenyewe kwa kila mtafiti anayetaka kuwaendea: heshima, ukweli, haki na kujali. Kama wao waliweza kuandika masharti yao, makanisa yenye shule mamia yanashindwa na nini?

Somo la Ebola

Beni na Butembo wana uzoefu ambao miji michache duniani inao. Septemba 2018 Patrick Vinck na wenzake, pamoja na mtafiti wa Goma, waliwauliza watu wazima 961 wa miji hii miwili juu ya Ebola. Mtu mmoja kati ya wanne alisema ugonjwa haupo. Chini ya theluthi moja waliamini kwamba viongozi wa mahali wanatetea faida ya raia. Na wale wasiowaamini viongozi ndio waliosita kupokea chanjo. Haikuwa ujinga. Watu waliona fedha nyingi na magari mengi yakija kwa ugonjwa mmoja, wakati mauaji yaliwaendea miaka minne bila mtu kuja. Kutoaminiana huko kulizaa damu: vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwanzoni mwa 2019, na tarehe 19 Aprili mwaka huo daktari wa Kameruni, Richard Mouzoko, aliuawa hospitalini Butembo akiwa kazini.

Lakini katika miji hiyohiyo kulifanyika pia jambo jema. Kuanzia Novemba 2018, wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina waliingia katika jaribio la dawa nne za Ebola. Agosti 2019, mara tu ilipoonekana kwamba dawa mbili zinaokoa zaidi, jaribio lilisimamishwa na Profesa Muyembe akawatangazia watu wote kwamba Ebola inaweza kutibiwa. Makala katika jarida la New England Journal of Medicine ilitoka miezi mitatu baadaye, Novemba 2019, na jina la kwanza juu yake lilikuwa la Mkongomani, Sabue Mulangu. Dawa moja kati ya hizo mbili ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.

Tuangalie utaratibu huo. Wagonjwa wa hapa walishiriki. Wakongomani waliongoza na kuandika. Watu waliambiwa kabla jarida halijatoka. Dawa zilitumika palepale. Kama hayo yaliwezekana katika kifo na haraka, chini ya risasi, hakuna mtafiti wa akili za watoto anayeweza kutuambia kwamba hana nafasi ya kurudi na kueleza.

Makanisa yaulize nini

Hatupendekezi kufunga mlango, na hatupendekezi kuufungua kwa kila mwenye gari na fulana ya shirika. Tunapendekeza kwamba baraza la kanisa, mkuu wa shule na kamati ya wazazi wakae pamoja kabla ya kujibu barua, na waulize maswali sita.

La kwanza: ni kamati gani ya maadili iliyosoma kazi hii na kuikubali? Waonyeshe karatasi yake. Muhuri wa ofisi si ruhusa ya kumpima mtoto.

La pili: mzazi ataelezwa kwa lugha gani? Mzazi ana haki ya kukataa, na mtoto pia, bila kupoteza nafasi shuleni wala msaada wa kanisa. Mchungaji asiwaite watoto kwa sauti ya mimbari, maana mzazi hatathubutu kusema hapana.

La tatu: kipimo kilitoka wapi, na kimejaribiwa kwa watoto wa Kinande na wa Kiswahili? Walimu wetu wakisome kwanza. Wao wataona haraka picha ambayo mtoto wa hapa hajawahi kuiona.

La nne: mtoto akionekana ana shida kubwa, atapelekwa kwa nani? Kumpima mtoto aliyeona mama yake akiuawa, kumkumbusha, halafu kuondoka, ni kumjeruhi mara ya pili.

La tano: nani wa mahali hapa ataandika? Kuwe na mwalimu wa chuo cha Beni au Butembo kati ya waandishi, mwenye kazi ya kweli, si jina la kupamba.

La sita: matokeo yatarudi lini na kwa namna gani? Tunataka ukurasa mmoja kwa Kiswahili, unaoweza kusomwa kanisani na katika mkutano wa wazazi, na makala iliyochapishwa mahali ambapo mtu yeyote anaweza kusoma bila kulipa. Tarehe iandikwe katika barua ya makubaliano.

Wengine watasema kwamba maswali mengi yatawafukuza watafiti na fedha zitakwenda kwingine. Huenda mmoja au wawili wataondoka. Tunaamini anayekataa kurudisha ukurasa mmoja hakuwa amekuja kwa ajili ya watoto. Na yule mwaminifu atafurahi, kwa sababu kazi iliyoaminiwa na wazazi hupata majibu ya kweli.

Kazi iliyobaki kwetu

Luka, katika sura ya 2, anaeleza ukuaji wa Yesu kwa pande zote: hekima, mwili, uhusiano na Mungu, uhusiano na watu. Hakuutenga upande mmoja akauita mtoto mzima. Kiswahili chetu nacho kina akili, kina busara, kina adabu, na mzazi anajua tofauti. Watoto waliovuka miaka hii wakiwa bado wanawatunza wadogo zao, wanachota maji, wanatafsiri kwa nyanya, wanaimba kwaya, wana mengi ambayo karatasi ya majaribio haijaweza kuuliza. Wana pia majeraha ambayo sifa zetu haziwezi kuficha. Tunahitaji uchunguzi unaoona yote mawili.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili kabla ya mwaka mpya wa shule kuanza. Kila ofisi ya shule za kanisa iandike daftari la watafiti waliopita: nani alikuja, alipima watoto wa darasa gani, aliahidi nini, alirudisha nini. Na pale ambapo hakuna kilichorudi, katibu aandike barua kwa heshima na kuomba ukurasa ule mmoja. Vyuo vya Beni na Butembo vinaweza kusaidia kutafuta makala hizo na kuzifupisha kwa Kiswahili. Wazazi waliotoa watoto wao bado wapo, na wengine wangali wanangoja kujua mtoto alionekanaje.